Mataifa ya OTAN na Magomvi Yao

Wahenga walisema: vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Ndivyo ilivyo kwa jamaa ya nyumba moja, na ndivyo ilivyo kwa mataifa makubwa. Leo, wasomaji wapenzi, tutazame habari za mapatano ya vita yaitwayo OTAN, au NATO.

Tarehe 4 Aprili 1949 mataifa 12, Ubelgiji mojawapo, yalitia sahihi huko Washington. Yaliahidiana kwamba adui akimshambulia mmoja wao, amewashambulia wote. Lakini tusome vema: hati hiyo inaliachia kila taifa kuamua lenyewe litoe msaada gani. Hapo ndipo mashaka yalipoingia. Je, mwenzangu atakuja kweli?

Mwaka 1956 Uingereza na Ufaransa, pamoja na Israeli, ziliishambulia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez. Marekani, rafiki yao mkubwa, ilikataa kuwasaidia, ikawabana kwa fedha hata wakarudi. Wafaransa hawakusahau. Mwaka 1960 walilipua bomu lao la kwanza la atomi. Mwaka 1961 Jenerali de Gaulle alimwuliza Rais Kennedy kama Marekani ingekubali kupoteza New York ili kuiokoa Paris. Mwaka 1966 aliyatoa majeshi yake chini ya amri ya pamoja, akawataka askari wageni waondoke nchini. Mwaka 1967 makao makuu yakahamia Ubelgiji. Walakini de Gaulle hakuifuta sahihi ya 1949, na mwaka 2009 Ufaransa ilirudi katika amri ile.

Mwaka 1974 Ugiriki na Uturuki ziligombana juu ya kisiwa cha Kupro. Ugiriki ikatoka katika amri ya pamoja mpaka 1980. Mwaka 2003 Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji zilizuia kwa muda mipango ya kuilinda Uturuki, kwa kuogopa kuvutwa katika vita vya Irak.

Na ahadi ya 1949 ilitumiwa mara ya kwanza kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Marekani, baada ya kushambuliwa tarehe 11 Septemba 2001. Yule aliyeulizwa kama atakuja, ndiye aliyejiwa na wenzake.

Nasi katika jamaa na vyama vyetu tunalijua jambo hili. Kutia sahihi ni kazi ya siku moja; kumwamini mwenzako kwamba atafika siku ya hatari ni kazi ya miaka.