Pesa za Norway, Kutoka Kalokol Hadi Vitalu vya Akina Mama

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijikuta ikifanya mambo mawili nchini Kenya ambayo, kwa nje, hayakuhusiana kabisa. Huko Kalokol, ukingoni mwa Ziwa Turkana, kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa fedha zake kilikamilika mwaka 1981. Jijini Nairobi, Wilhelm Elsrud wa Chama cha Misitu cha Norway aliingia katika ofisi ya mwanamazingira Wangari Maathai, akitafuta watu wa kushirikiana nao kupanda miti. Jambo la kwanza liligharimu mamilioni. La pili lilianza kwa mazungumzo ya watu wawili.

Kalokol ilikuwa na hoja yake. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa umewamalizia mifugo Waturkana wengi, na serikali pamoja na wamisionari wakawavuta waliofilisika waje ziwani wavue. Kwa jamii inayompima mtu kwa mifugo yake, uvuvi ulikuwa kazi ya asiyekuwa na kitu. Hata hivyo samaki walikuwepo tele, hasa sato na sangara, na wavuvi walijiunga katika chama cha ushirika. Wanorwe walipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuta ushirika huo ukifanya kazi. Wao ni watu wa bahari na samaki, kwa hiyo walileta walichokijua: maboti, wataalamu, na hatimaye kiwanda cha kuandaa minofu iliyogandishwa ya kuuzwa mbali. Pia waligharimia barabara ya kuunganisha Lodwar na Kitale.

Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu. Kugandisha samaki katika joto la Turkana kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama yake ilizidi bei ya samaki wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson, ambako samaki walikuwa wakivuliwa, ilikauka maji ya ziwa yaliporudi nyuma. Wavuvi waliendelea kuanika samaki juani kama awali, na jengo likaishia kuwa ghala la samaki hao wakavu. Wengi huitaja Kalokol kama kichekesho cha wafadhili, na si haki kabisa, kwa sababu barabara ilibaki na watu waliitumia. Kosa lilikuwa kuukuta ushirika wa watu, kisha kuweka juu yake mtambo ambao wanachama wasingeweza kuuendesha wala kuulipia.

Maathai alikuwa na historia nyingine. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, aliongoza maandamano hadi uwanja wa Kamukunji, ambako miche saba ilipandwa kuwaenzi mashujaa wa jamii mbalimbali, wakiwemo Mekatilili wa Menza na Waiyaki wa Hinga. Kampeni hiyo ikazaa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Mwanzoni Idara ya Misitu iliahidi kutoa miche bure. Mahitaji yalipopanda, ikaanza kudai malipo. Ndipo akina mama wakaambiwa waoteshe miche yao wenyewe, hata katika vyungu vilivyopasuka. Mabwana misitu waliona hiyo si kazi ya watu wasio na shahada.

Vuguvugu hilo halikuanzia patupu. Tangu miaka ya 1960 vikundi vya akina mama katika Mkoa wa Kati vilikuwa vikichanga fedha na kununuliana mabati kwa zamu, hadi kila mwanachama akatoka kwenye paa la nyasi; watu waliviita vikundi vya mabati. Vilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na daftari, na kila mtu alijua nani hajalipa. Mfadhili aliyefika kijijini baada ya hapo alikuta hesabu tayari zimeshawekwa, na anayeaminika kushika fedha za wenzake ameshajulikana.

Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa wa wanawake ulitoa dola 122,700, na Wanorwe wakaongeza sehemu yao. Namna fedha zilivyowafikia wanavikundi inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kiasi chenyewe. Mwanakikundi alilipwa kama senti 4 za Kimarekani kwa kila mche, na si kwa kuuotesha tu: ilibidi uhamishiwe shambani, ushike, na uhesabiwe ukiwa hai. Ni fedha kidogo mno, na wapo waliolalamika kwamba jasho la akina mama lilinunuliwa kwa bei ya chini. Lakini fedha hizo zilimfikia mwenyewe mkononi, bila kupitia kwa chifu wala mbunge.

Hapo ndipo siasa ilipoingia. Mwaka 1989 Maathai alipinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, mradi uliohusisha gazeti la chama tawala, KANU. Bungeni vuguvugu lake lilidhihakiwa kuwa ni kundi la wanawake waliotalikiwa, na serikali ikalifukuza katika ofisi zake kwa notisi ya saa 24. Maathai alihamishia shughuli nyumbani kwake South C. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali, na mashirika yakaungana kudai irekebishwe. Serikali ilikuwa imegundua kwamba msaada wa nje, ukifika kwa kikundi cha kijijini moja kwa moja, huwapa watu uwezo wa kusema bila kumwomba mtu ruhusa.

Oktoba 1990 Kenya ilikatisha uhusiano wa kibalozi na Norway, baada ya kukamatwa kwa Koigi wa Wamwere, mpinzani aliyekuwa amepewa hifadhi huko. Misaada ya Kinorwe ikasimama, Turkana ikapoteza mfadhili wake mkubwa, na uhusiano haukurudi hadi 1994.

Kati ya miaka hiyo mambo mengi yalibadilika. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walizuia misaada mipya kwa serikali, na mwezi uliofuata kifungu cha 2A cha katiba, kilichofanya Kenya kuwa ya chama kimoja, kikafutwa. Fedha nyingi zaidi sasa zilielekezwa kwa mashirika ya kiraia, nayo mengi yalikuwa na ofisi Nairobi, maandishi ya Kiingereza na wahasibu. Kikundi cha kijijini kilipokea kilichobaki baada ya semina na posho. Haikuwa hila ya mtu mmoja. Mfadhili aliyepaswa kutoa ripoti kwa bunge lake alimpendelea anayejua kuandika ripoti.

Sheria ya 1990 ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ilidumu hadi Mei 2024, wakati sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013, ilipoanza kutumika. Vikundi vidogo navyo vimepata sheria yao ya 2022: kikundi cha akina mama kinachotaka kupokea msaada leo huanzia kwa afisa wa huduma za jamii, kikiwa na katiba, kumbukumbu za mkutano wa kwanza na orodha ya wanachama, kabla mfadhili yeyote hajatajwa.