Uvumi na Ramani: Asili ya Itifaki za Hali ya Viungo

Mwishoni mwa mwaka 2009 vijana wa vijiji vya Kibera, Kianda kikiwa kimojawapo, walianza kupima njia na vichochoro vya kwao kwa vifaa vya setilaiti, ili mtaa uliokuwa karibu doa tupu katika ramani za Nairobi upate ramani yake. Kila mmoja alileta alichokipitia kwa miguu. Vipande vilipounganishwa, wote wakawa na ramani moja. Kabla ya hapo, mgeni aliyetoka Kianda kwenda Laini Saba alitegemea maneno: huyu alimwelekeza kwa yule, na yule kwa mwingine.

Tatizo lilo hilo liliwashughulisha wahandisi wa ARPANET, mtandao wa kompyuta wa Marekani, miaka 30 kabla. Ulipoanza mwaka 1969, kila kipanga njia, yaani kompyuta ndogo ya kupokea ujumbe na kuupitisha mbele, kiliwapa jirani zake makisio tu ya umbali hadi kila kituo. Kiungo kilipokatika, habari mbaya ilitembea polepole, na aghalabu vipanga njia viwili vilirudishiana ujumbe, kila kimoja kikiamini kwamba mwenzake anayo njia. Ndiyo tabia ya uvumi.

Mwezi Mei 1979 utaratibu ulibadilishwa. Kila kipanga njia kilipima viungo vyake chenyewe, kikatangaza hali yake kwa mtandao mzima; kisha kila kimoja, kwa kanuni aliyoichapisha Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959, kilijikokotolea njia fupi kutokana na ramani ile ile.

Lakini ramani ya wote huharibikia wote. Tarehe 27 Oktoba 1980 kumbukumbu mbovu ya kompyuta ilipotosha namba za matangazo ya kipanga njia kimoja. Namba hizo zilikuwa za kuzunguka kama akrabu za saa, hata matangazo matatu yakawa kila moja jipya kuliko jingine. Mtandao ukashikwa na kuyapokezana, ukasimama kwa saa kadhaa. Toleo la pili la itifaki ya OSPF, la mwaka 1991, lilizinyosha namba hizo na kulipa kila tangazo umri usiozidi saa moja.

Ramani ya Kibera nayo ina umri. Julai 2018 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Vichochoro vilivyopimwa zamani katika ukanda huo vilibaki kwenye karatasi tu, vikingoja mkazi apite tena na kifaa chake.