Fundi Mitambo katika Nchi ya Pamba

Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi, wakulima wake walikuwa na historia ndefu ya pamba. Kwa kawaida historia hiyo husimuliwa kwa marobota, bei na vyama vya ushirika. Makala haya yanaitazama kwa upande wa fundi, maana suala la nani anamiliki nyenzo za uzalishaji haliwezi kutengwa na suala la nani anajua kuzitengeneza.

Chini ya Waingereza mgawanyo wa kazi ulikuwa dhahiri. Msukuma alilima na kuvuna. Vinu vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kiasia, na mitambo yenyewe ilitoka ng'ambo. Shule ya ufundi ya Ifunda ilianza mwaka 1951, na Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam mwaka 1957, yaani mkoloni alikumbuka kumfundisha Mwafrika mitambo alipokuwa anakaribia kufungasha mizigo. Kwa kijana wa Bariadi, vyote hivyo vilikuwa mbali.

Wakati huo huo wakulima walikuwa wamejipanga. Muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, ulioundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, ulianza kumiliki vinu vyake wenyewe. Ulikuwa ushindi mkubwa dhidi ya unyonyaji. Lakini kununua kinu si sawa na kukimudu.

Tuangalie kinu chenyewe. Gogo la mviringo lililofunikwa ngozi huvuta nyuzi kupita kwenye kisu kilichotulia, na kisu cha pili kinachopanda na kushuka hung'oa mbegu. Ngozi hulika, lazima itengenezwe au ibadilishwe. Nafasi ya visu ikikosewa, mbegu hupondwa au nyuzi hukatika, na jasho la msimu mzima hushuka daraja. Kinu kikisimama wakati wa ununuzi, pamba hulundikana ghalani na mkulima hungojea fedha zake. Hapo ndipo ujuzi wa fundi unapogeuka kuwa suala la siasa.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililiona tatizo hili. Kuanzia mwaka 1975, kwa ushirikiano na Sweden, vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo idadi yake ilipita 50, ili mtu mzima wa kijijini ajifunze ufundi bila kuhama kijiji. Mwaka 1978 kikafunguliwa Chuo cha Ufundi Arusha kwa msaada wa Wajerumani. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo ngazi mbili zilijitokeza: fundi sanifu mwenye cheti cha FTC alivutwa na viwanda na ofisi za mijini, na fundi mchundo wa kijijini alibaki na nyundo na tupa. (Wapo makada pia waliodharau mikono yenye grisi, tusifiche hilo.)

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na vinu vikaendeshwa na Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi, na vinu vipya vikajengwa. Mara tatu umiliki ulibadilika, lakini swali la fundi halikujibiwa hata mara moja.

Malampaka, wilayani Maswa, katikati ya mashamba ya pamba na kando ya reli ya Mwanza, kipo chuo kimoja cha wananchi. Mwaka 2017 vyuo vya aina hiyo vilihamishiwa Wizara ya Elimu. Kada anayefanya kazi Simiyu anaweza kuanza uchunguzi wake hapo hapo: ahesabu ni wahitimu wangapi wanaokabidhiwa spana ndani ya vinu vya mkoa wao, na ni wangapi wanaoajiriwa kubeba marobota.