Moto, Maji na Shanga za Watoto wa Kasese

Historia ya watoto katika Afrika Mashariki ina upungufu mkubwa wa ushahidi. Watawala wana orodha za enzi zao, wafanyabiashara wana hesabu zao, wamisheni wana barua. Je, watoto wameacha nini? Insha hii inatoa hoja kwamba ushanga wa udongo ni aina ya maandishi ambayo mtoto anaweza kutuachia, mradi upite motoni.

Eneo la Kasese na Bwera linafaa kwa mjadala huu. Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndipo palipo Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa wenye chale zilizopangwa kwa mafungu, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Mfupa unaweza kudumu ardhini. Udongo mbichi hauwezi. Kichwa cha udongo kilichopatikana Luzira, karibu na Kampala, mwaka 1929 kimetufikia kwa sababu kilichomwa.

Udongo uliokaushwa juani tu hurudi kuwa tope ukilowa. Ukichomwa hadi kufikia nyuzijoto 600 hivi, maji yaliyoshikamana na madini yake hutoka, nao haulainiki tena. Ndiyo maana kutengeneza shanga na watoto kuna hatua zisizorukwa: kuondoa changarawe, kukanda hadi hewa itoke, kuviringisha kati ya viganja, kutoboa kwa kijiti, kuanika kivulini kwa siku kadhaa, kisha kuchoma polepole. Unyevu uliobaki ukipata moto wa ghafla hugeuka mvuke na kuupasua ushanga.

Kwa mwanahistoria, faida iko kwenye alama za vidole. Mistari ya kidole cha mtoto hukaribiana kuliko ya mtu mzima. Wanaakiolojia huipima kwenye vyombo vya kale ili kukadiria umri wa mfinyanzi, wakikumbuka kwamba udongo husinyaa unapokauka na kuchomwa. Kwa hiyo ushanga uliochomwa unaweza kubeba saini ya mtoto ambaye hata hajui kuandika.

Jambo hili lina uzito Kasese. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na kuhamisha watu. Daftari na picha hazihimili maji ya namna hiyo. Shule za Kasese na Bwera zingeweza kuwafanya wanafunzi wachore mwaka kwenye shanga zao kabla hazijakauka, wazichome pamoja na mfinyanzi wa karibu, kisha baadhi zihifadhiwe shuleni. Shanga hizo hazitaeleza kila kitu kuhusu maisha yao. Zitathibitisha tu kwamba watoto hao walikuwapo, katika mwaka fulani, na kwamba mikono yao ilifanya kazi.