Mlango wa Bweni: Siku za Mpita Njia Katika Nyumba za Maskini za Uingereza

Mtu akiuliza habari za bweni la wasio na makao huambiwa lina vitanda vingapi. Ni mara chache kuambiwa mlango wake hufunguliwa saa ngapi. Lakini tukitazama historia ya mabweni ya Uingereza, twaona kuwa saa ya mlango ndiyo iliyomtesa mlalaji kuliko ugumu wa kitanda.

Mabweni hayo yaliambatana na nyumba za maskini, zilizoendeshwa kwa kodi za wenyeji. Mpita njia alifika jioni, akangoja mlangoni, akapekuliwa, akavuliwa nguo, akaoga, akapewa shati la kulalia. Mwaka 1902 mwandishi wa Marekani, Jack London, alivaa nguo za kimaskini akaingia bweni la Whitechapel mjini London. Asema ana yakini kuwa watu 22 walioga katika maji yale yale. Chakula kilikuwa mkate na uji wa mahindi, nao walichovya mkate katika chumvi iliyomwagwa juu ya meza chafu. Uji wa mahindi sisi twaujua, tena twaupenda. Ule wa Whitechapel haukupikwa kwa mtu anayependwa.

Kulipokucha ilikuwa kazi. Wengine walivunja mawe. Wengine walifumua kamba kuukuu za merikebu, ngumu kwa lami, hata zikawa nyuzi za kalafati, kama ile watu wa pwani waizibiayo nyufa za majahazi. Kanuni za mwaka 1882 ziliagiza ratili 4 kwa siku, kwa vidole vya mtu aliyelala na njaa.

Sasa nazirudia saa. Sheria ya mwaka 1871 ilimzuia mlalaji mpaka saa 5 asubuhi. Fikirini mtu atafutaye kibarua gatini, ambako watu huchaguliwa mapema asubuhi. Saa 5 nani tena amhitaji? Mwaka 1882 sheria ilibadilishwa, ikawa mtu azuiwe siku nzima afanye kazi ya bweni, kisha atolewe saa 3 asubuhi ya siku ya pili. Akilala tena bweni la wilaya ile ile kabla mwezi haujaisha, azuiwe mpaka siku ya nne. Basi akaenda kwa miguu mpaka bweni la mji mwingine, na kesho kutwa mji mwingine tena. Waliotunga sheria walimwita mzururaji. Mimi naona sheria yenyewe ndiyo iliyomzururisha.

Wanawake walikuwa wachache njiani, na taabu yao ilikuwa zaidi. Bibi Mary Higgs wa Oldham, mke wa mchungaji, alivaa matambara akalala katika mabweni yao, na mwaka 1906 akatoa kitabu. Aliona jinsi mwanamke asiye na mtu wa kumlinda alivyotupiwa maneno machafu hata na mwanamume aliyempokea mlangoni.

Mwaka 1931 George Orwell alichapisha habari za bweni alimofungiwa tangu Jumamosi jioni hata Jumatatu asubuhi, kwa kuwa Jumapili wapita njia hawakuachiliwa. Walificha tumbaku ndani ya soksi, na wasio na soksi ndani ya viatu. Yeye alipelekwa kusaidia jikoni, akaona nyama, mkate na mboga vikitupwa kwa wingi, na bwenini wenziwe wamekaa na njaa. Hawakukosa chakula kwa kuwa hakikuwapo. Iliogopwa kwamba wakishiba watapenda kukaa. Nami nauliza, nani apendaye kukaa mahali pa kunyimwa hata tumbaku yake?

Sheria ya Maskini ilifutwa Uingereza mwaka 1948, na mabweni yakapewa jina jipya. Kwetu Kenya sheria ya uzururaji, iliyotoka katika fikira zile zile, ilidumu mpaka mwaka 1997. Kwa sheria hiyo, mtu aliyekuja mjini kutafuta kazi, asiye na nyumba wala mshahara, aliweza kukamatwa kabla hajaipata, na mzee aliyemlaza ndugu yake sakafuni usiku aliweza kumkosa jioni.