Popole na Yolande: kutoka Bukavu mpaka Olimpiki, mkanda kwa mkanda

Tarehe 10 Agosti 2016, watoto wawili wa Bukavu walipanda tatami siku moja kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, nchini Brazili. Popole Misenga na Yolande Mabika hawakuwa chini ya bendera ya Congo. Walikuwa ndani ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, yenye wachezaji 10.

Vita viliwatenganisha na jamaa zao wakiwa wadogo. Popole, aliyezaliwa mwaka 1992, alikaa siku nane msituni kabla ya kuokolewa. Yolande alibebwa kwa helikopta. Wote wawili walifikishwa Kinshasa, na huko, katika vituo vya watoto waliohamishwa na vita, wakajifunza judo.

Mchezo huo, ulioanzishwa na Mjapani Jigoro Kano mwaka 1882, haumpandishi mtoto haraka. Kwanza anafundishwa kuanguka bila kuumia. Kumwangusha mwenzake kunakuja baadaye. Anaanza na mkanda mweupe, kisha wa manjano, chungwa, kijani, bluu na kahawia, mpaka mweusi. Mwalimu hamvushi mpaka aonyeshe mbinu za ngazi ile. Mashindano nayo hugawanywa kwa umri na kwa kilo, mtoto asije akapambanishwa na mkubwa kuliko yeye.

Popole alipita njia hiyo. Mwaka 2010 alipata medali ya shaba ya Afrika kwa vijana walio chini ya miaka 20. Mwaka 2013, yeye na Yolande walikwenda Rio kwa mashindano ya dunia. Hawakurudi, waliomba hifadhi.

Hapo ngazi ilikatika. Waliishi kwa shida, bila mazoezi ya kweli, mpaka walipopokelewa na kocha Geraldo Bernardes, aliyewahi kuifunza timu ya taifa ya Brazili. Ilibidi wajenge upya nguvu na mbinu.

Siku ile ya Agosti, Yolande, katika kilo 70, alishindwa pambano lake la kwanza. Popole, katika kilo 90, alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2015. Mwaka 2021 Popole alirudi tena kwenye Olimpiki, mjini Tokyo.

Kwa jamaa za Katana na kwingineko zilizohama, historia hii ina funzo. Wakati wa kukimbia, mkanda wa mtoto unaweza kubaki nyumbani, lakini kile mwili wake ulichojifunza kinakwenda naye. Mkifika mahali penye mwalimu, mwambieni mtoto alifikia mkanda gani, na mumwache ampime. Akirudishwa ngazi moja nyuma, msikasirike. Kinachoharibu ni kumpeleka mashindanoni kabla mwili haujarudi.