Uso wa Alumini ya Kale

Wapendao injini za kale huvutwa mno na mng'ao. Kipande cha alumini kilichokolea mafuta na masizi hupigwa msasa, kikasuguliwa hata mtu ajione ndani yake, na mwenyewe akasema kimerudi katika hali yake ya asili. Hakikurudi. Vipande vingi vya namna hiyo vilisubiwa katika kalibu za mchanga, vikatoka na uso mkavu wa chengachenga. Mng'ao wa kioo haukuwako.

Hasara yaweza kuzidi hiyo. Injini ya ndege ya ndugu Wright iliundwa na fundi Charles Taylor mjini Dayton, Marekani, kwa majuma sita hivi, na kasha lake lilikuwa la alumini yenye shaba kadiri ya asilimia 8. Iliruka tarehe 17 Desemba 1903. Mwaka 1994 wataalamu Frank Gayle na Martha Goodway walieleza kwamba kasha hilo liliimarishwa na vichembe vya shaba visivyoonekana kwa macho, vilivyoanza kujikusanya lilipokuwa likipoa. Nayo siri hiyo Alfred Wilm wa Ujerumani aliivumbua baadaye, mwaka 1906. Lau kasha lingalipakwa rangi ya kuokwa motoni ili lipendeze, huenda ushahidi huo ungalipotea.

Magadi makali yasafishayo chuma huila alumini, na mchanga urushwao kwa upepo hufuta alama za kalibu. Fundi mwenye subira hutumia sabuni laini, maji ya uvuguvugu na brashi ya nywele, akaliacha doa lisilotoka.